Mrejesho: marejeo ya APA yamepita

Wakuu, niliuliza kwa nini msimamizi kanirudishia tasnifu eti marejeo yamechanganyika, basi tatizo nimelijua. Nilikuwa nafuata APA (mtindo wa kuandika marejeo) toleo la 6 wakati chuo kinataka la 7, lile la 2019. Kumbe la 7 halitaki mji wa mchapishaji, na ndani ya maandishi waandishi wakifika watatu unaweka wa kwanza tu na "et al." (yaani "na wenzake") tangu mara ya kwanza, mi nilikuwa nawamwaga wote watano mpaka sentensi yenyewe inapotea. Zotero, ile programu ya kupanga marejeo, imesaidia ila usiiamini kichwa kichwa, iliniachia vichwa vya makala vina herufi kubwa kila neno, nikakesha narekebisha kimoja kimoja. Jana msimamizi kapitisha. Aliyesema nianze kuangalia toleo, asante sana mkuu.