Chanzo cha kilovolti 100 cha kupimia vihami vya mkondo mnyoofu: kwa nini volteji inashuka?

Kauri_na_Kioo:
Habari zenu, wataalamu. Tangu njia ya umeme ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500 ianze kuleta umeme Suswa, Kenya, kutoka Wolayita Sodo, Ethiopia, chuoni kwetu tumetamani kupima wenyewe tabia ya vihami (vifaa vinavyozuia umeme kupita) chini ya mkondo wa aina hiyo, yaani DC. Tumeunda kikuza volteji chenye ngazi 5 za diodi na kapasita za nanofaradi 10, kikilishwa na transfoma ya hezi 50 yenye kilele cha kilovolti 10. Kwa hesabu, kila ngazi ikiongeza mara mbili ya kilele, tulitarajia kilovolti 100, lakini kigawa volteji chetu (rezista za kupimia volteji) cha gigaomu 1 kinaonyesha 84 tu, hata kabla ya kufunga kihami chochote. Diodi tumezikagua zote na ni nzima. Tatizo liko wapi?

Mzee_wa_Transfoma:
Ndugu, kifaa chako hakina ubovu. Kinachokula volteji ni hicho kigawa chenyewe. Kwa kilovolti 84, gigaomu 1 hupitisha mikroampea 84, na katika mpangilio wako kila mikroampea inayotoka huondoa takriban volti 190, kwa hiyo zidisha utaona kilovolti 16 zimekwenda wapi. Upungufu huu hupungua masafa ya umeme (hezi) yanapopanda, lakini hukua karibu kwa kipeo cha tatu cha idadi ya ngazi, na ndiyo maana sikushauri kamwe kuongeza ngazi ya sita ili kufidia. Ukilisha mfumo huohuo kwa hezi 20,000, kigawa kitakugharimu chini ya volti 50. Utahitaji transfoma yenye kiini cha feriti pamoja na diodi zinazofunga haraka, kwa sababu diodi za kawaida za umeme wa nyumbani huchelewa kufunga na zitachemka. Ukitaka kubaki kwenye hezi 50, tumia ngazi 3 zenye transfoma na kapasita za volteji kubwa zaidi; upungufu kwa kila mikroampea utashuka hadi volti 44.

Kauri_na_Kioo:
Nashukuru sana, mzee wangu. Tutajaribu feriti. Je, kipimo cha dakika moja kwa kila kihami kinatosha?

Maabara_Pwani:
Kwa kujua kama kihami kinastahimili, dakika moja inaweza kutosha, lakini kwa kujua tabia yake chini ya mkondo mnyoofu haitoshi, na hapo ndipo wengi waliozoea mkondo geu (AC) hupotea. Katika mkondo geu, volteji hugawanyika ndani ya kihami kufuatana na sifa zake za kikapasita, ambapo katika mkondo mnyoofu, baada ya muda, hugawanyika kufuatana na upitishaji wake mdogo wa umeme, ambao nao hubadilika sana joto linapobadilika. Chaji hujikusanya ndani na juu ya kihami polepole, pengine kwa saa nyingi. Basi rekodi mkondo unaovuja kwa muda mrefu, andika joto na unyevu wa hewa, kisha geuza chanya kuwa hasi na urudie, kwa kuwa chaji iliyobaki hukikaba kihami vibaya zaidi baada ya mageuzi hayo. Vumbi pia huvutwa na msongo wa umeme usiobadilika, hivyo kifute kihami kabla ya kila kipimo.

Mzee_wa_Transfoma:
Naongezea la usalama, nalo nalisisitiza. Kapasita zako zikijaa hubeba jumla ya karibu joule 18 hata ukizima umeme. Tumia fimbo ya ethi (ya kumwaga chaji ardhini) yenye rezista ya kupunguza kishindo, gusa kila ngazi kuanzia juu, kisha uache waya wa ethi umefungwa muda wote unaofanya kazi, kwa sababu kapasita iliyokwisha kumwagwa huweza kujirudishia sehemu ya volteji kutokana na chaji iliyojificha ndani ya kihami chake. Mlango wa uzio uunganishwe na swichi inayokata umeme mara tu unapofunguliwa, na mwanafunzi asiruhusiwe kuingia peke yake.