Je, viambata vya mimea vinaweza kuzuia mishipa ya damu inayolisha saratani ya utumbo mpana?

Swali: Nimesoma kwamba kurkumini iliyomo katika manjano huzuia uvimbe wa saratani ya utumbo mpana usiote mishipa mipya ya damu. Je, inaweza kushika nafasi ya dawa za hospitali?

Jibu: Ndugu, wazo hilo lina msingi, kwani tangu daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alipoeleza mwaka 1971 kwamba uvimbe haukui zaidi ya milimita chache bila kujipatia mishipa, watafiti wamekuwa wakitafuta namna ya kuukatia damu. Seli zinazokosa oksijeni hutoa protini ya VEGF, ambayo huichochea mishipa ya jirani ichipue kuelekea kwenye uvimbe. Katika maabara, kurkumini hupunguza protini hiyo. Lakini mtu akiimeza, utumbo na ini huibadilisha upesi mno, hata inayofika kwenye damu huwa kidogo sana kuliko ile iliyomiminwa juu ya seli. Haitoshi kuacha matibabu.

Jibu: Naongezea kwamba bevasizumabu, dawa ya kingamwili (protini ya kinga) inayoinasa VEGF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 itumike pamoja na kemotherapi. Tena mimea isidharauliwe: irinotekani, dawa ya saratani hii hii, asili yake ni mti wa Camptotheca acuminata, ingawa yenyewe huvuruga DNA ya seli, haikatii uvimbe damu.

Mwulizaji: Nashukuru. Je, kuna ubaya kuchanganya mitishamba na dawa za hospitali?

Jibu: Upo. Vidonge vya mmea wa Hypericum perforatum, kwa mfano, hupunguza nguvu ya irinotekani mwilini, kwa hiyo daktari aelezwe kila dawa ya mitishamba inayotumiwa.