Foku za zamani za baiskeli za milimani: mnatuuzia chuma au mnatuuzia stika?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nani kawaambia wauzaji kwamba kila foku ya chuma ya miaka ya 90 ni mali ya makumbusho? Nazungumzia foku, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, za baiskeli za milimani zisizo na shokapu, zile za ringi za inchi 26. Zamani fundi akikufungia shokapu, foku ya mwanzo anaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, ukiitaka unaiokota na anakushukuru kwa kumpunguzia uchafu. Leo ileile inapigwa rangi, inabandikwa stika, inaitwa "orijino ya kizamani", laki tatu na nusu. Kwa hela hiyo napata baiskeli nzima ya mtumba, ina breki na kengele!

Sababu ya uhaba naijua, msije kunifundisha. Kampuni ya RockShox walitoa shokapu ya mbele ya RS-1 mwaka 1989, na mwaka uliofuata Greg Herbold akashinda mbio za kuteremka za ubingwa wa dunia kule Durango, Colorado, akiwa na shokapu zao. Baada ya hapo kila mtu akataka shokapu, foku ngumu zikang'olewa, nyingi zikatupwa. Shida ni kwamba shokapu nyingi za miaka ile zilikuwa na vipande vya mpira ndani badala ya springi za chuma, na mipira hiyo ilishakufa siku nyingi: mingine imekauka kama jiwe, mingine imekuwa ujiuji. Kwa hiyo fremu nzuri zimebaki hazina mguu wa mbele, na wote tunagombania foku chache zilizosalia. Ongeza na hawa wanaogeuza fremu za zamani kuwa baiskeli za safari ndefu. Bei ipande, sawa, soko ni soko. Ugomvi wangu ni uongo.

Nilitangaziwa foku ya kampuni ya Kona: "Kona Project Two safi, haijawahi kuguswa". Picha tatu, zote za upande mmoja. Nikatuma hela, mzigo ukapakiwa kwenye basi la Dar kuja Moshi. Nafungua boksi, stika ya Project Two inang'aa kama imebandikwa jana. Sasa jamani, Project Two sifa yake ni miguu iliyonyooka, kuanzia juu hadi kwenye ekseli. Hii niliyoletewa imepinda mbele kule chini kama foku yoyote ya baiskeli ya maziwa! Nikasema basi, huenda walau ni foku nzima. Nikapitisha kidole chini ya taji, pale juu miguu miwili inapoungana, rangi ina mawimbi madogo na ufa mwembamba kama unywele. Nikafunga ringi, tairi limeegemea kushoto. Hiyo foku imekula ukuta, halafu ikanyooshwa kwa nyundo. Shingo nayo, lile bomba la juu linaloingia kwenye fremu, imekatwa fupi, hesi zimebaki kidogo hata nati ya juu haishiki vizuri, na shingo ikishakatwa hairefuki. Namwuliza muuzaji, ananijibu, "Bro, vitu vya zamani ndivyo vilivyo." Baadaye hapokei simu.

Halafu kuna huu wimbo wao kwamba chuma cha zamani kinanesa, hutasikia shimo. Chuma kipi? Foku ya Ritchey Logic au yenye mabomba ya Tange Prestige ni chuma, na ile ya baiskeli ya dukani ya bei chee ya mwaka uleule nayo ni chuma. Za kwanza mabomba yake ni membamba pale panapofaa kuwa membamba, ndiyo maana zinanesa kidogo ukipiga jiwe. Ya pili ni bomba zito, unene mmoja juu hadi chini, na kila kokoto inakuja moja kwa moja kwenye viganja. Teremka nayo kwenye vumbi la Kibosho barabara ikiwa imefanya mawimbi, ukifika chini vidole havikunji. Na lile pindo la chini mnalolisifia kama springi halina maajabu hayo, unene na upana wa miguu ndio wenye kauli. Hata huo unesaji, nusu yake ni tairi pana lenye upepo mdogo. Ndiyo maana baiskeli ya kujaribishia mteja tairi zake huwa laini, mmeshaliona hilo?

Wazungu wanaogombania foku za Yeti Accutrax au zile Pace RC31 za kaboni kutoka Uingereza, waacheni. Wanataka baiskeli ikae ukutani kama ilivyotoka kiwandani, hela zao. (Mimi kaboni iliyogundishwa miaka ile siteremki nayo mlima, hata nipewe bure.) Kinachoniudhi ni mtu kuchukua bei za hao wakusanyaji na kuzipachika kwenye foku isiyo na jina.

Na urefu hamuandiki! Fremu nyingi za mwanzo wa miaka ya 90 zilichorwa kwa foku ya kama sentimita 39 au 40, kutoka ekseli hadi chini ya taji. Ukimuuzia mtu foku ndefu, iliyotengenezwa kukaa mahali pa shokapu, sentimita 2 tu za ziada zinalaza pembe ya usukani karibu digrii moja. Baiskeli inakuwa nzito kukata kona, ukipanda mlima gurudumu la mbele linaelea. Mteja anadhani fremu imeharibika, kumbe ni nyie.

Kwa hiyo mwenye foku ya shingo ya inchi moja na moja ya nane, yenye vishikio vya breki za ringi, aje PM. Nataka picha ya mbele na ya ubavuni, futi ikiwa imelazwa juu ya shingo na juu ya miguu, na chini ya taji paonekane bila rangi mpya. Nalipa nikiishika mkononi. Anayetaka nitume nusu kwanza apite mbali.