Ushauri: programu yangu ya madukani iitwe 1.11, 2.0 au nifuate mwaka?

Kijana wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kutengeneza programu.

Nina programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya pembejeo. Inatumika maduka saba, kuanzia Mwanjelwa na Mbalizi mpaka Makambako na Mafinga. Nilianza na toleo la 1.0, na kila nikirekebisha naongeza moja, hadi 1.9. Kisha nikatoa 1.10. Hapo ndipo nilipoumia.

Mama mmoja wa Mafinga alinipigia asubuhi: "Mwanangu, mbona umenirudisha nyuma? Nilikuwa moja nukta tisa, leo unanipa moja nukta moja?" Nikamwelewesha, akakubali. Kumbe hata programu yenyewe inasoma kama yeye. Sehemu inayokagua kama kuna toleo jipya niliiandika ilinganishe namba kama desimali, kwa hiyo 1.10 ikawa ndogo kuliko 1.9. Maduka matatu yakabaki wiki mbili na toleo la zamani, lenye kosa la kupunguza mfuko stoo kila risiti ikichapishwa mara ya pili. Na ulikuwa msimu wa kupandia, mbolea ya DAP inatoka kila dakika. Ilibidi nipande basi hadi Makambako, tukahesabu mfuko mmoja mmoja na mwenye duka mpaka giza likaingia.

Sasa nimepanga stoo upya, ili mfuko wa kilo 50 uweze kufunguliwa na kuuzwa kwa kilo. Faili za akiba za zamani hazitafunguka bila kubadilishwa kwanza. Niite 1.11? 2.0? Rafiki yangu anasema nifuate mwaka. Kampuni kubwa zinachaguaje?

Fundi wa Kihesa
Pole sana mdogo wangu. Hizo nukta si desimali, zinatenganisha tu namba zinazojitegemea. Chukulia sura na aya: sura ya 1 aya ya 10 inakuja baada ya aya ya 9, na hakuna anayebishana.

Kanuni ipo. Iliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ambako mafundi huweka programu zao, na mafundi wengi wanaifuata. Namba ni tatu. Ya kwanza inapanda pale kitu ambacho watu walikitegemea kinapovunjika. Ya pili ni ukiongeza kipya bila kuvunja cha zamani. Ya tatu ni kuziba kasoro tu. Faili zako za akiba hazifunguki, kwa hiyo hiyo ni 2.0.0. Sioni cha kujadili hapo.

Baba Njombe
Kanuni hiyo ni ya mafundi. Wauzaji wana hesabu zao. Mwaka 1993 Word ya Windows ilitoka 2.0 ikarukia 6.0 ili ilingane na ndugu zake wa DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) na Mac. Programu ya kutunza data ya dBase II ilipoingia sokoni hakukuwa na dBase I. Windows ilitoka 8.1 ikaja 10 mwaka 2015, tisa haikuwepo.

Kinachonivutia zaidi ni Windows 7. Mwenye mashine ya zamani afungue kile kidirisha cheusi cha amri, aandike ver. Itajibu 6.1! Microsoft waliogopa kupandisha namba ya kwanza kwa sababu programu nyingi za watu zilikuwa zinaikagua, na zingegoma. Kwa hiyo kwenye boksi ni saba, ndani ni sita. Kosa la kukagua namba vibaya limewatesa wakubwa pia, usijilaumu mno.

Mpita Njia Igawa
Wengine hawana hata sababu hizo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, aliutoa kutoka 2.6.39 hadi 3.0 mwaka 2011, na alisema wazi kwamba hakuna jipya kubwa, namba zilikuwa zimerefuka tu. Mimi ningeweka 1.11 niendelee na kazi.

Dada Pembejeo
Niongee kama mwenye duka. Tukiona namba ya mbele imepanda, tunajua tunadaiwa. Programu yangu ya kwanza ya hesabu ilitoka 4 ikawa 5. Rangi zilibadilika, ripoti zilikuwa zilezile, nikatakiwa kulipa upya bei nzima. Nililipa kwa kuwa hesabu zangu za miaka mitatu zilikuwa humo. Kaka, kama hutoi bili, sema hivyo kabla sijaiona hiyo 2.0. Na mimi mwaka ningeupenda, ningejua yangu ina umri gani.

Fundi wa Kihesa
Dada ana hoja. Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, wanafanya hivyo: 24.04 ni Aprili 2024. Lakini mwaka hausemi kama faili zako zitafunguka. Halafu kijana akishaita 2025 hawezi kurudi 2.0, kila kompyuta itaiona ndogo. Mlango ule ukishaupita umejifunga.

Mpita Njia, 1.11 ndiyo mbaya kuliko zote. Duka lolote lililobaki na 1.9 litaisoma 1.11 kama desimali na kubaki hapo hapo.

Na wewe kijana, kagua hili: kikaguzi cha zamani kinajua desimali tu. Ukikipa 2.0.0 yenye nukta mbili, kitakwama. Kwenye faili kinalolisoma andika 2.0, basi. Kikaguzi kipya kilinganishe namba moja moja, tena kisome faili lingine. Lile la zamani libaki 2.0 daima, duka litakalochelewa lisipotee.

Kijana wa Uyole
Kaka, hilo la nukta mbili ningelivaa tena kichwa kichwa. Nimelijaribu sasa hivi kwenye kompyuta yangu yenye 1.9: 2.0.0 imegoma, 2.0 imeingia.

Basi ni 2.0. Chini ya namba naweka tarehe kwa ajili ya akina Dada Pembejeo, na kabla ya yote ujumbe kwamba hakuna malipo. Makambako naenda mwenyewe na flashi.

Mama wa Mafinga nimempigia, nikampa ule mfano wa sura na aya. Amesema ameelewa, ila nisimwekee Jumamosi, ni siku ya gulio.