Behewa la mota la 1:160: vikorokoro na uchakavu kwa ubao mdogo

Reli_Finyu:
Wakuu, naombeni mwongozo. Behewa ni la treni ya mfano, la mota ya dizeli (linajiendesha bila injini ya kulivuta), skeli 1:160, urefu mm 125. Ubao wenye reli ni sm 60 kwa 40, na kona kali kuliko zote ina nusukipenyo cha mm 150. Rangi ya kiwandani inang'aa mno. Nataka kuweka vishikio vya milangoni na mipira (mabomba) ya breki mbele, kisha nilichakaze, yaani lionekane limetumika. Brashi ya hewa (ya kunyunyizia rangi) sina. Nianze na lipi ili lisije likagoma kutembea?

Fundi_9mm:
Anza na kona, rangi baadaye. Bandika mipira ya breki kwa muda, kwa tone la gundi nyeupe ya mbao, halafu lipitishe behewa polepole kwenye ile kona ya mm 150, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kiunganishi cha mabehewa hufagia eneo pana chini ya pua. Kikigusa mpira, fremu ya magurudumu inashindwa kugeuka na gurudumu linapanda reli. Kwenye kona kama hiyo, kwa kawaida mipira kamili inakaa tu upande usiovuta kitu. Upande mwingine kata ibaki nusu, au acha kabisa.

Vishikio: waya wa shaba wa mm 0.2. Kwa skeli hii ni sawa na mm 32 za kweli, kwa hiyo usikubali waya mnene zaidi, utaonekana kama bomba la maji. Tia alama kwa ncha ya sindano kwanza, la sivyo keekee ya mm 0.3 itateleza ikwaruze rangi. Zungusha kwa mkono. Mashine inayeyusha plastiki. Kabla ya kubandika, weka kipande cha plastiki cha mm 0.5 kati ya waya na ukuta ili vishikio vyote viachane na ukuta sawasawa. Supagluu itie kwa ndani, kwa ncha ya sindano.

Na vioo vitoe vyote kabla ya supagluu. Mvuke wake unaviachia ukungu mweupe. Virudishe baada ya saa 24, kwa gundi nyeupe.

Masizi:
Nikiongezea upande wa rangi. Tenganisha bodi na mota, osha bodi kwa sabuni, ikauke. Nyunyizia vanishi isiyong'aa ya kopo, tabaka mbili nyepesi, kutoka sm 25 hivi. Bila hiyo uchafu hauna pa kushika.

Kisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea na nyeusi kidogo, sehemu 1 kwa 10 za tapentaini. Paka paneli moja moja, subiri dakika chache, halafu vuta kwa brashi bapa yenye unyevu kidogo tu, kutoka juu kwenda chini. Usisugue mviringo: mvua haichuruziki hivyo. Nyeusi tupu iepuke, kwenye kitu kidogo hivi inaonekana kama tundu. Kijivu kilichokolea kinatosha.

Unga wa chaki uweke mwisho. Masizi ya ekzosi (unga mweusi) yapeleke pande zote mbili za bomba, kwa sababu behewa la mota huenda na kurudi bila kugeuzwa. Wengi wanavuta upande mmoja tu, kama injini ya mvuke. Fremu na sketi ya chini zipate kahawia ya vumbi la breki.

Fundi_9mm:
Naunga mkono, ila angalia unga mweusi utakaonunua. Ule wa oksidi ya chuma huvutwa na sumaku ya mota na kuingia kwenye giya. Karibu na mota tumia unga wa mkaa. Magurudumu yazibe kwa tepu: rangi kwenye uso unaogusa reli inakata umeme, behewa linaanza kusitasita. Ikiingia, ifute kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili. Hiyo alkoholi isiguse bodi, vanishi itageuka nyeupe.

Reli_Finyu:
Shukrani wakuu. Unga nao niufunge kwa vanishi?

Masizi:
Paa ndiyo, maana ndipo vidole vinaposhika. Weka unga mwingi kuliko unavyotaka uonekane, vanishi itaufifisha. Fremu usizinyunyizie, kamwe.