Upindo wa satini unaonyesha vidoa vya sindano, naomba ushauri
Habari za leo wapendwa. Nipo Ujiji, Kigoma, namshonea dada yangu gauni la harusi, satini. Upindo naumalizia kwa mkono, ule mshono usioonekana: sindano inapita ndani ya mkunjo, kisha inadokoa uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje. Kwenye pamba unatoka safi kabisa. Kwenye satini, kila sindano inapogusa panabonyea, na taa ikimulika kwa upande vinaonekana vyote, mstari mzima! Nimelegeza uzi, bado. Natumia sindano namba 9 na uzi wa polista. Je, nitafute sindano nyembamba zaidi, au nimeharibu kwa kukandamiza pasi juu ya upindo? Nimeshafumua mara mbili, ya tatu naogopa kitambaa kitachoka. Harusi Jumamosi.