Mjadala: Mtandao ukijaa saa tatu usiku, alipe nani?

Wadau wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini, naleta hoja hii kwa sababu huku kwetu Soweto imeanza kutugombanisha majirani. Kampuni inayotuuzia intaneti ya waya imetuma ujumbe kwamba kuna wateja wachache "wanaotumia kupita kiasi", na kuanzia mwezi ujao atakayevuka gigabaiti 300 ataongeza hela au atapunguziwa kasi. Kifurushi chenyewe tuliuziwa kwa jina la "bila kikomo". Ujumbe ulipoingia tu, watu wakaanza kutafuta mchawi. Kijana wa steshenari anayewapakulia wanafunzi mafaili akawa wa kwanza kunyooshewa kidole.

Msimamo wangu ni huu: anayetumia sana hana kosa. Mwenye kosa ni aliyeuza zaidi ya alichonacho, na gharama ya kurekebisha ni yake.

Naomba tuelewane kwanza. Watu wengi kugawana njia moja si wizi. Mitandao imejengwa hivyo tangu enzi za simu za mezani, na Mdenmaki A. K. Erlang aliandika hesabu zake mwaka 1909, kwamba wateja hawapigi wote kwa wakati mmoja, hivyo huhitaji laini moja kwa kila mtu. Uingereza, zama za intaneti ya laini za simu, mteja wa nyumbani aligawana njia na wenzake hadi 50, wa biashara hadi 20, na uwiano huo ulifahamika. Sisi hapa hatujawahi kuambiwa tuko wangapi kwenye waya mmoja. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Tuchukue mfano. Nyumba 50 zimeuziwa megabiti 20 kwa sekunde kila moja, lakini njia inayoingia mtaani ina megabiti 100. Mchana wakiwa hewani watu watano, kila mmoja anapata 20 zake kamili na anaisifia kampuni. Saa tatu usiku watu wamesharudi, nyumba 40 zimefungua video kwa pamoja: kila moja inaambulia megabiti mbili na nusu. Netflix wanashauri megabiti 5 kwa picha safi ya 1080p. Kwa hiyo inazunguka tu, watoto wanalalamika, na anayesoma chuo kwa mtandao anaahirisha kutuma kazi yake hadi alfajiri.

Sasa mtazameni huyo kijana anayelaumiwa. Duka anafunga saa moja jioni. Mafaili makubwa huyaachia yashuke usiku wa manane, wengine tumelala. Juzi nilipima kasi nikiwa sebuleni kwangu: saa tatu na nusu usiku megabiti 1.8, saa kumi na moja alfajiri megabiti 19. Waya ni uleule na ruta ni ileile, na mara zote mbili kompyuta zake zilikuwa zimezimwa. Yeye ndiye mwenye gigabaiti nyingi kwa mwezi kuliko sisi wote, ila foleni ya saa tatu tunaiweka sisi, kila mmoja na kavideo kake.

Hata kampuni inaponunua uwezo kwa kampuni kubwa zinazoiuzia intaneti kwa jumla, mara nyingi bei huangalia kilele, yaani saa za matumizi makubwa. Kasi hupimwa kila baada ya dakika tano, vipimo vya juu kabisa, asilimia 5 ya vyote, hutupwa, na kinachofuata ndicho hulipiwa. Faili linaloshuka saa nane usiku haliongezi karibu chochote kwenye ankara hiyo. Basi kwa nini sisi tuhesabiwe gigabaiti za mwezi mzima bila kuangalia saa?

Mzee mmoja jirani yangu, fundi umeme mstaafu, aliniuliza swali ambalo najua wengi mnalo: "Kijana wangu, LUKU tunalipia kwa uniti. Kwa nini intaneti iwe tofauti?" Mzee wangu, kila uniti ya umeme imechoma gesi au imeteremsha maji ya bwawa, na uniti uliyotumia wewe haipo tena. Faiba iliyofukiwa chini inagharimu kiasi kilekile ikiwa imejaa au ikiwa tupu. Njia isiyotumika saa tisa usiku haiwekwi akiba ya kesho. Kinachoongeza gharama ni kuipanua kwa ajili ya saa za msongamano, na msongamano unatokana na idadi ya wateja waliosajiliwa.

Kuna wanaosema sisi tuko mbali na bahari, lazima tuvumilie. Umbali una gharama, nakubali, lakini Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya faiba ya nchi, umefika hapa na unaendelea hadi Tunduma na Kasumulu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao uliyumba kwa watu wengi nchini na tulielewa, maana ajali ni ajali. Tatizo linalokuja kila jioni kwa saa ileile silihesabu kama ajali.

Wengine wanataka YouTube na Netflix ndio walipe. Korea Kusini wamelijaribu hilo: kampuni ya intaneti ya SK Broadband na Netflix walishtakiana kwa miaka hadi wakamalizana Septemba 2023, na Twitch, mtandao wa kurusha video mubashara, ikafunga biashara yake huko Februari 2024 ikilalamikia ada za mtandao. Mteja akabaki na huduma pungufu. Sioni la kuiga hapo.

Nakubaliana na upande wa pili kwenye jambo moja. Anayenunua kifurushi cha nyumbani halafu akawauzia mtaa mzima vocha za waifai, huyo ameigeuza nyumba moja kuwa nyumba 30, tena saa zilezile za msongamano. Achukue kifurushi cha biashara na alipie.

Ninachotaka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, isimamie ni mkataba ulioandikwa kasi ya chini kabisa ambayo mteja ataipata kati ya saa mbili na saa nne usiku. Isipofikiwa, arudishiwe sehemu ya hela yake. Anayetaka uhakika wa kasi kubwa saa hizo alipe zaidi, ni haki, kwa sababu kweli anashikilia nafasi ya wengine. Matumizi ya usiku wa manane yasihesabiwe. Na njia ikijaa, usajili usimame. Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, walifanya hivyo Kenya: Novemba 2024 waliacha kupokea wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Huku kwetu ujumbe wa kutulaumu umetoka, na mawakala wa kampuni hiyohiyo bado wako Mwanjelwa na vipeperushi wanasajili.

Mnaopinga karibuni, hasa ninyi mnaofanya kazi kwenye kampuni hizi. Naomba mjibu mambo mawili: njia ya mtaa mmoja ina megabiti ngapi, na mmeuza ngapi juu yake?